Begeli zilizonywea: donge la Montreal katika joto la Dar es Salaam

Jumatano ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mdogo wangu alifungua friji akasimama bila kusema kitu. Kwenye trei kulikuwa na begeli nane, mikate ya mviringo yenye tundu inayochemshwa kabla ya kuokwa, tulizozilaza usiku, na hakuna hata moja iliyobaki na umbo tulilolikunja. Zilikuwa zimetambaa zikagusana. Matundu ya katikati, ambayo usiku yalipitisha vidole viwili bila shida, yalikuwa yamejifunga yakabaki kama vitovu. Juu kulikuwa na malengelenge madogo madogo, na nilipobonyeza moja kwa kidole, shimo lilibaki palepale.

Tulizichemsha hivyohivyo, maana maji yalikuwa yameshachemka na oveni ilikuwa imeshika moto. Kila moja ilielea papo hapo kama boya. Ndani ya maji ilivimba vizuri, ikatupa moyo. Tulipoiinua kwa kijiko cha matundu ikanywea mbele ya macho yetu, ngozi ikakunjamana kama kidole kilichokaa majini mchana kutwa. Kwenye oveni hakuna iliyoinuka. Baada ya dakika 20 tukatoa vipande nane vya mkate bapa, vigumu pembeni, na ndani vyenye mashimo makubwa ya hovyo hovyo.

Mama alikuwa ameketi kibarazani. Tulimwamkia, akaitikia, akachukua kipande kimoja, akakivunja, akakinusa kabla ya kukitia mdomoni. "Huu umechacha, mwanangu," akaniambia. "Haujaumuka, umechacha."

Mteja alitaka begeli 24, Jumamosi, saa moja asubuhi.

Niseme mapema jinsi tulivyofika hapo. Mdogo wangu anaoka keki za kuagizwa nyumbani kwake Tabata. Mteja wake mmoja wa siku nyingi, aliyewahi kuishi Kanada, alikuwa na wageni na akauliza kama anaweza kumtengenezea begeli za kifungua kinywa. Mdogo wangu alikubali kwa sababu mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, na mimi naishi Montreal, na begeli nazitengeneza karibu kila Jumapili kwa miaka sita sasa. "Dada, wewe si unazifanya umefumba macho?" alisema. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa hata nimebeba mizani yangu ya jikoni kwenye sanduku.

Ndiyo maana naona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa undani. Aliyekanda ni yuleyule, vipimo ni vilevile, mizani ileile. Januari, Montreal, zilitoka nzima. Februari, Dar es Salaam, zikanywea zote nane. Si kawaida kosa la jikoni kukupa nafasi safi namna hii ya kuuliza: nini hasa kimebadilika?

Mkate unaochemshwa kwanza

Kwa asiyewahi kuila, begeli ni mkate wa ngano wa mviringo wenye tundu katikati, mzito kiganjani, wenye ngozi inayong'aa. Ukiuma unakupa ubishi kidogo kabla ya kukubali. Ni mkate wa Wayahudi wa Polandi. Kanuni za jumuiya yao mjini Kraków za mwaka 1610 tayari zinautaja. Mji huohuo una ndugu yake, obwarzanek, unaouzwa hadi leo kwenye vigari vya barabarani, na jina lake linatokana na kitenzi cha Kipolandi cha kuchemsha kitu kidogo tu kabla ya kazi nyingine. Wahamiaji waliuvusha bahari. New York waokaji wake walikuwa na chama chao cha wafanyakazi, Local 338, watu waliokunja begeli kwa mkono kwenye vyumba vya chini ya majengo, mpaka mashine ya Daniel Thompson ilipoanza kuwapokonya kazi hiyo miaka ya 1960.

Montreal ilikwenda njia yake. Mtaa wa Mile End kuna maduka mawili, Fairmount na St-Viateur, umbali wa kutembea dakika chache, na yote mawili yamejulikana kwa kuoka kwa kuni. St-Viateur lilifunguliwa 1957. Fairmount ndiko zilikotoka begeli 18 za ufuta ambazo mwanaanga Gregory Chamitoff, mzaliwa wa Montreal, alikwenda nazo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2008. Mimi nilijifunza kwa kusimama pale dukani usiku wa baridi, nikiangalia jinsi mwokaji anavyozivuta kutoka motoni kwa ubao mrefu mwembamba, ufuta ukimwagika kila upande.

Begeli ya Montreal na ya New York ni ndugu wasiofanana. Ya Montreal ni nyembamba, tundu lake ni pana, donge lake lina yai na utamu kidogo, na inachemshwa katika maji yenye asali. Donge lake la asili halina chumvi. Ya New York ni nene, ina chumvi na kimea cha shayiri, na waokaji wake wamezoea kulaza madonge yaliyokwisha kukunjwa kwenye baridi usiku kucha ili ladha ikomae. Nawaomba wasomaji wakumbuke hili la chumvi na hili la usiku wa baridi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeyaoanisha jikoni kwangu miaka sita bila kufikiri: donge la Montreal lisilo na chumvi, likalazwa kwa desturi ya New York.

Sasa, kwa nini kuchemsha? Donge likigusa maji ya moto, wanga wa juu unanyonya maji, unavimba na kuwa gundi nyembamba, sawa na uji unavyobadilika ghafla sufuriani ukawa mzito. Gundi hiyo ikikauka kwenye oveni ndiyo ule mng'ao. Na kwa kuwa ngozi imeshajengwa kabla ya moto wa oveni, begeli haiwezi kuvimba kama boflo. Inabaki imebanwa, na kule kubanwa ndiko kunakoifanya iwe na kutafunika kwake.

Ila ngozi hiyo ni nyembamba mno kubeba mzigo peke yake. Kinachobeba ni gluteni, nyuzi za protini ya ngano zinazoshika hewa ya hamira kama maelfu ya vibofu. Ndani ya maji ya moto hewa ile inatanuka. Kama nyuzi bado zina akiba ya kuvutika, begeli inavimba na kubaki imevimba. Kama zilishavutwa hadi mwisho usiku, zitatanuka mara hiyo moja, zipasuke kimyakimya, na ukiinua begeli ikapoa kidogo tu, hewa inasinyaa na kuta zinaanguka. Ndicho tulichokiona kwenye kijiko cha matundu. Aibu ilitokea majini, lakini kosa lilikuwa limetendeka saa nyingi kabla, na hilo ndilo linalowapoteza wengi: wanapunguza sekunde za kuchemsha, wanabadilisha sufuria, wanaongeza moto, wakati maji hayana hatia.

Kumtafuta mkosaji

Vipimo vyangu vilikuwa hivi: unga wa ngano gramu 500, yai moja, maji gramu 230, asali gramu 25, mafuta gramu 15, hamira ya chenga gramu 5. Chumvi hakuna. Kanda dakika 12, pumzisha 10, gawa madonge nane ya karibu gramu 100, kunja, acha mezani saa moja, ingiza kwenye friji hadi asubuhi.

Mdogo wangu alimshuku unga, na alikuwa na sababu. Unga ninaoutumia Montreal umeandikwa kwenye mfuko gramu 13 za protini kwa kila 100. Aliokuwa nao yeye ni wa kawaida wa chapati na maandazi, na mfuko wake ulionyesha 10. Begeli inataka unga wenye nguvu. Tukafanya kipimo ambacho hakihitaji maabara. Tulichukua gramu 50 za unga, tukaukanda na maji kidogo ukawa donge gumu, tukaliacha kwenye bakuli la maji nusu saa, kisha mdogo wangu akaanza kuliosha bombani ndani ya kiganja, akilifinya polepole. Maji yalitoka meupe kama tui. Wanga wote ulipokwenda na maji, alibaki na kipande cha kijivu kinachovutika kama ulimbo, ambacho ukikivuta kinarudi. Tulikipima: gramu 13. Yaani robo na kidogo ya uzito wa unga. Unga wenye nguvu ungebakisha zaidi, lakini huu nao haukuwa maji matupu. Mdogo wangu alikishika kile kipande muda mrefu, akikivuta na kukiachia. Miaka minane ameoka keki na hakuwahi kuiona gluteni kwa macho.

Kwa hiyo unga ulikuwa dhaifu kuliko niliouzoea. Je, udhaifu huo peke yake ungeweza kuangusha zote nane? Sikuamini. Unga dhaifu hukupa begeli laini, ya mkate zaidi kuliko begeli. Haukupi harufu ya pombe. Na harufu ya pombe ilikuwepo. Mama ndicho alichokinusa.

Nikageukia joto. Nilikuwa na kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, nikakitembeza jikoni. Hewa ya jikoni saa tatu usiku: nyuzi 31. Maji ya bombani, yanayoshuka kutoka kwenye tangi lililokaa juani kutwa: nyuzi 29. Donge jipya tulilolikanda kwa vipimo vilevile ili tulipime tu: nyuzi 33 lilipotoka mkononi. Jikoni kwangu Montreal mwezi wa Januari hewa ni nyuzi 19, na maji ya bomba ni ya baridi kiasi cha kuuma vidole. Donge langu kule huanza na nyuzi 22.

Tofauti ni nyuzi 11. Kwa kukadiria tu, joto la donge likipanda nyuzi 8 hadi 10, kasi ya hamira inakaribia kuongezeka mara mbili. Saa moja ya mezani Tabata, basi, ilikuwa zaidi ya saa mbili za mezani Montreal. Nilikuwa nimefuata saa yangu kwa uaminifu, na uaminifu wenyewe ndio ulioniponza.

Halafu friji. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nilidhani donge likiingia kwenye friji, hamira inalala. Inalala kweli ikifika nyuzi 4 au 5, lakini kufika huko ni safari. Tulichoma kipimajoto katikati ya donge moja na kuliingiza. Baada ya saa nzima lilikuwa bado na nyuzi 24. Baada ya saa mbili, 18. Friji yenyewe, ambayo ina watoto watatu wa kuifungua wakitafuta maji na juisi, ilisoma nyuzi 9 kwenye rafu ya kati. Donge la nyuzi 22 likiingizwa kwenye friji ya nyuzi 4 isiyofunguliwa usiku, linazimika mapema. Donge la nyuzi 33 likiingizwa kwenye friji ya nyuzi 9 linaendelea kuumuka hadi usiku wa manane, na hata baada ya hapo halizimiki kabisa.

Na chumvi. Chumvi inaishika hamira mkono, inaipunguza kasi, na inazikaza nyuzi za gluteni. Mwokaji wa kawaida anaweka gramu 2 hivi kwa kila gramu 100 za unga. Mimi sikuweka hata chembe, kwa kuheshimu Montreal. Kule baridi ilikuwa inaifanya kazi ya chumvi kwa niaba yangu, na sikujua. Nilipoiondoa baridi hapakubaki chochote cha kuizuia hamira.

Nilimweleza Mama haya yote, na nyuzi zake na saa zake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yeye maandazi ya kiangazi hamira anaweka nusu, chumvi haisahau, na unga anaukanda kwa maji ya mtungini. Nilikaa kimya. Maji ya mtungini! Mtungi wa udongo unatoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto, na maji ya ndani yanakuwa na ubaridi kuliko hewa ya nyumba. Bibi zetu walikuwa na friji ya kukandia unga kabla ya waya wa umeme kufika mtaani, na mimi nilikuwa nimekanda kwa maji ya tangi la juani. Nayasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nililelewa katika nyumba hiyohiyo, nikamwona akichota maji mtungini asubuhi zote hizo, na sikuwahi kuuliza kwa nini hafungui bomba.

Kiswahili nacho kilikuwa kimeshatenganisha mambo haya mawili. Kuumuka ni kitu kimoja, kuchacha ni kingine. Donge linaloumuka linakwenda mahali; lililochacha limefika, likapita, na sasa linarudi chini na harufu yake. Mapishi niliyosoma kwa lugha nyingine yananipa saa na dakika. Mama alinipa kitenzi.

Madonge manne na manne

Alhamisi hatukuwa na nafasi ya kubahatisha. Tulitaka kujua kama unga ule ule, bila kuubadilisha, unaweza kutoa begeli. Kwa hiyo Jumatano jioni tulikanda mikupuo miwili midogo, kila mmoja wa gramu 250 za unga, madonge manne manne.

Wa kwanza tuliufanya kama ule ulioharibika, neno kwa neno.

Wa pili: maji tuliyachanganya na barafu, tukayachuja, yakawa na nyuzi 6. Yai lilitoka kwenye friji. Hamira tulishusha kutoka gramu 2.5 hadi gramu 1. Chumvi gramu 4.5. Maji tulipunguza kidogo kwa sababu unga dhaifu haubebi maji mengi. Donge likawa gumu, gumu kiasi cha kumfanya mdogo wangu aulize kama sijakosea. Hapa naomba nitulie kidogo, maana donge la begeli linamtisha kila aliyezoea maandazi au keki. Si laini. Halishiki mkono. Unalisukuma kwa kiganja na linakusukuma na wewe, dakika tano za kwanza lina mipasuko kama udongo wa ukutani, na unashawishika kuongeza maji. Usiongeze. Dakika ya nane linaanza kulainika lenyewe, dakika ya 12 linakuwa na uso kama sikio la mtoto. Na kama una mashine ya kukandia ya nyumbani, usiliingize lote kwa pamoja. Donge la aina hii linaweza kuichosha mota mpaka inukie.

Lilipotoka mkononi lilikuwa na nyuzi 24. Tukalikunja upesi: kila donge tunalisukuma liwe kamba ya urefu wa shubiri moja na zaidi, tunaizungusha kwenye vidole vinne, ncha zinapandana kiganjani, tunazisugua juu ya meza mpaka zishikane. Mezani hatukuliacha hata dakika moja. Moja kwa moja kwenye friji, rafu ya chini kabisa, nyuma, mbali na mlango.

Asubuhi tulichukua bakuli la maji ya kawaida na begeli moja kutoka kila upande. Ya mkupuo wa kwanza ilielea kabla sijaiachia vizuri. Ya pili ilizama hadi chini, ikakaa. Mdogo wangu alikunja uso. Nikamwambia tusubiri. Tuliitoa, tukaifuta, tukaziacha zote nne mezani. Baada ya dakika 15 tukaijaribu tena: ilizama nusu, ikasita, kisha ikapanda juu taratibu kwa kuhesabu hadi nane. Nyuzi za gluteni zina hewa ya kutosha, na bado zina akiba. Tukaingiza zote kwenye maji ya moto wakati huohuo, yenye vijiko viwili vya asali ya Tabora, sekunde 40 upande huu na 40 upande ule.

Nne za kwanza zikanywea kama ndugu zao wa Jumatano. Nne za pili zikatoka majini zimejaa, zinateleza, ngozi imevutika bila kunyanzi hata moja. Tukazipaka ufuta zikiwa bado mbichi za maji, maana ufuta haushiki ngozi iliyokauka, tukaziweka kwenye oveni ya nyuzi 230. Dakika 18. Mdogo wangu alikaa chini sakafuni mbele ya kioo cha oveni muda wote huo.

Hazikuwa sawa na za Mile End. Ndani zilikuwa laini zaidi, na ule ubishi wa kutafuna ulikuwa nusu. Huo ndio mchango wa unga, na ni wa kweli. Ila zilikuwa begeli, zenye tundu lililo wazi, mng'ao, na uzito kiganjani. Unga uleule, oveni ileile, usiku uleule. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba unga ulikuwa msaidizi tu. Mkosaji alikuwa muda: saa nilizozibeba kutoka jiko la nyuzi 19, zikakutana na donge la nyuzi 33 lisilo na chumvi.

Kama ningelazimika kuchagua rekebisho moja tu kati ya yote tuliyofanya, ningechagua maji ya barafu. Kupunguza hamira kunasaidia na chumvi inasaidia, lakini donge linaloanza na ubaridi linakupa dakika za kufanya makosa, na mtu anayekunja begeli kwa mara ya kwanza anazihitaji sana dakika hizo.

Kuna jambo nililotaka kulijaribu na nikalizuia. Sokoni kuna kimea cha ulezi, kile cha togwa, na New York wanatia kimea cha shayiri. Kishawishi cha kuunganisha ni kikubwa. Tatizo ni kwamba kimea kibichi kina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, ndiyo kazi yake kwenye togwa. Kikizidi kwenye donge linalolala usiku mzima kwenye joto, sukari inaongezeka, hamira inapata chakula zaidi, na ndani ya mkate panakuwa pa kunata. Wiki ile tulikuwa na hamira iliyoshiba tayari. Asali ilitutosha.

Ijumaa usiku

Begeli 24 ni tatizo jingine. Madonge nane yakiingia kwenye friji ya nyumbani yanaipandisha joto. 24 yangeigeuza kabati. Tuliandaa mikupuo mitatu, kila mmoja ukamaliziwa na kulazwa kabla ya kuanza mwingine, na trei ya tatu tukaiomba hifadhi kwa jirani, mama wa nyumba ya pili, ambaye friji yake haina watoto wa kuifungua. Tangu mchana Mama alikuwa amegandisha chupa sita za maji. Tulizipanga pembeni ya trei, tatu tatu.

Saa nane usiku umeme ulikatika. Niliamka kwa ukimya wa feni. Mdogo wangu alikuwa ameshafika jikoni na tochi ya simu, mkono uko kwenye mlango wa friji, na Mama kutoka chumbani kwake akasema kwa sauti, "Usiufungue huo mlango." Hatukuufungua. Tulikaa mezani watatu gizani hadi saa kumi na moja umeme uliporudi, na Mama akatueleza jinsi walivyokuwa wakiumua unga wa harusi Tanga, mabeseni yamefunikwa kanga mbichi ya maji na kuwekwa chini sakafuni kwenye saruji, na kwamba aliyekuwa na zamu ya usiku hakupewa saa, alipewa kidole: abonyeze, aangalie shimo linarudi vipi. Likirudi mbio, bado. Likirudi polepole, amsha watu. Lisiporudi, umeshachelewa.

Saa kumi na moja na nusu tulifungua. Kipimajoto kilisoma nyuzi 10 katikati ya donge. Chupa zilikuwa na barafu bado. Nilibonyeza begeli ya kwanza, na shimo lilirudi polepole. Tuliitia ndani ya bakuli la maji. Ilizama kiasi, ikapanda. Hakukuwa na haja ya kusubiri mezani hata dakika moja, umeme uliokatika ulikuwa umetufanyia kazi ile. Trei ya jirani, ambayo haikuwa na pilikapilika, ilikuwa nyuma kidogo, tukaipa dakika 10.

Saa moja kasorobo mdogo wangu aliondoka na bodaboda, begeli 24 kwenye boksi la keki, kifuniko kimeachwa wazi kidogo ili mvuke usilainishe ngozi.

Nilirudi Montreal mwanzoni mwa Machi. Kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji ya Tabata niliacha vipimo vipya: unga 500, yai 1, maji ya barafu 220, asali 20, mafuta 15, chumvi 9, hamira 2. Sehemu ya muda mdogo wangu alinizuia kuandika. Alichora bakuli, na begeli inayopanda ndani yake.

Julai, msimu wa kipupwe, Dar asubuhi kuna ubaridi na maji ya tangi hayana tena uvuguvugu. Nilikuwa kazini nilipopata ujumbe wake. Alikuwa na oda ya begeli 12, na yote aliyafanya kama karatasi inavyosema. "Leo imezama kabisa," aliandika. Nilianza kujibu, nikifikiria dakika ngapi za kumwambia. Kabla sijamaliza ukaja ujumbe wa pili, na picha ya bakuli. "Nimeisubiri dakika 40. Imepanda."